Je, Wajua? Santuri Kuukuu za Pemba

Je, wajua kwamba hakuna santuri hata moja iliyofyatuliwa Pemba? Kila sahani unayoikuta kisiwani, iwe mvunguni mwa kitanda kule Wete au juu ya kabati la nyumba ya urithi Chake Chake, ilivuka bahari kuja. Ndio utamu wa kukusanya santuri huku. Lebo yake ya katikati husomwa kama tiketi ya meli: Bombay, Calcutta, Hayes ya Uingereza, Nairobi, Mombasa. Anayetaka wimbo tu, simu inamtosha. Anayetaka kujua wimbo ulipitia wapi ndiye anayeinama mvunguni na tochi.

Je, wajua kwamba kwa mstari ulionyooka Wete iko karibu zaidi na Mombasa kuliko na mji wa Unguja? Tanga iko karibu zaidi kuliko zote mbili. Ukilijua hilo, hushangai ukikuta kwenye sanduku la Mpemba lebo nyingi za Kenya. Kwa wafanyabiashara na wavuvi wa kaskazini mwa kisiwa, Mombasa ilikuwa mji wa jirani. Tena wako Wapemba waliohamia pwani ya Kenya na kuzaa huko kwa vizazi, wakakaa bila uraia mpaka serikali ya nchi hiyo ilipowatambua mwaka 2023. Watu waliopita njia hiyo hawakupita mikono mitupu.

Je, wajua kwamba santuri za kale, zile nzito zinazovunjika zikidondoka, chanzo chake ni mdudu? Mdudu huyo huishi juu ya miti huko India na nchi jirani, naye hutoa utomvu unaogandia matawini. Utomvu ukisafishwa ndio shelaki. Viwandani shelaki ilichanganywa na unga wa mawe na masizi, ndiyo maana sahani ni nyeusi na nzito. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, shelaki ikaadimika, na mwaka 1942 Marekani ikaanza kubana matumizi yake. Hapo plastiki ya vinaili ikapata mlango wa kuingilia.

Je, wajua ni nani aliyewafungulia njia waimbaji wa kike wa Kiswahili katika biashara hii? Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, mwanamke aliyewahi kuuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake akina Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Budda Swedi na Mbaruk Talsam, wakarekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile ya lebo ya HMV. Kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zaidi ya 70,000. Kampuni za Odeon, Columbia na Pathé hazikulala. Nazo zikaanza kuwawinda waimbaji wa Kiswahili.

Idadi hiyo peke yake haisemi yote. Si kila nyumba ilikuwa na gramafoni. Sahani moja ikipigwa mkahawani ilisikilizwa na mtaa mzima, na waliokaa nje barazani hawakulipa hata senti. Kila santuri iliyouzwa ilikuwa na masikio mengi nyuma yake. Siti mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika, ila jina lake lilichapwa kwenye lebo na kusomwa na watu ambao hawakuwahi kumtia machoni. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba nyimbo za pop kwenye sahani zilianza na vijana wa Uingereza wa miaka ya sitini, mpe kahawa na umweleze taratibu.

Je, wajua mbwa wa kwenye lebo ya HMV aliitwa Nipper? Mchoraji Francis Barraud alimchora kwanza akisikiliza mashine ya silinda. Mwaka 1899 akaifuta mashine hiyo, akachora gramafoni badala yake, na kampuni ikainunua picha. Huenda huyo ndiye mbwa pekee aliyekaribishwa ndani ya nyumba nyingi za pwani bila mtu kuhesabu maji mara saba.

Je, wajua kwamba sindano ya chuma ya gramafoni ilikusudiwa kupiga upande mmoja tu, kisha itupwe? Ndiyo sababu ziliuzwa kwenye vikopo, mia au mia mbili pamoja. Aliyeirudia sindano ileile kwa kubana matumizi alilipa kwa sahani. Ukiona santuri ya shelaki ambayo weusi wake umegeuka kijivu kwenye mfuo, hiyo ni kazi ya sindano butu. Haitibiki.

Na usithubutu kuweka singo ya vinaili kwenye gramafoni ya kupiga kwa mkono, hata mwenye nyumba akikuhimiza. Kichwa cha gramafoni hukandamiza sahani kwa gramu mia na zaidi, ilhali pleya ya umeme hukandamiza kwa gramu chache tu. Wimbo utausikia, mara moja, kisha utakuwa umeulima.

Je, wajua kwamba Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga? Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa na umeme kabisa. Kwa hiyo historia ya santuri huku ni historia ya mkono na betri: kwanza gramafoni ya kupiga kwa mkono, kisha pleya ndogo ya kubeba iliyokula betri za tochi. Zote mbili zina tabia moja ambayo wazee wanaijua vizuri. Nguvu zikipungua, sahani huzunguka polepole, na bibi arusi aliyekuwa akiimba huishia na sauti ya baharia.

Je, wajua kwamba huko India sahani za mizunguko 78 kwa dakika ziliendelea kufyatuliwa mpaka miaka ya sitini, hata nyimbo za Beatles? Sababu ni ileile: vijiji visivyo na umeme na gramafoni za mkono ambazo bado zilikuwa nzima. Ulaya na Marekani walikuwa wameshaiacha shelaki, na leo wakusanyaji wa huko wanazitafuta sahani hizo za India kwa bei za kushangaza. Nani aseme jahazi gani ilibeba nini. Ukikuta santuri nzito yenye jina la Beatles, usidhani ni bandia kabla hujaigeuza na kuisoma.

Je, wajua kwamba singo ya inchi saba ilizaliwa kwenye ugomvi wa makampuni? Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa sahani kubwa inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. RCA Victor haikutaka kufuata nyuma. Mwaka 1949 ikajibu kwa sahani ndogo ya mizunguko 45 yenye tundu pana katikati. Mwanzoni iliipa kila aina ya muziki rangi yake: kijani kwa nyimbo za mashambani, manjano kwa watoto, nyekundu kwa muziki wa klasiki. Rangi hazikudumu.

Tundu lile pana la Kimarekani ni la milimita 38 hivi, wakati singo nyingi za Uingereza zina tundu dogo na kipande cha kati kinachoweza kung'olewa. Ukikuta chini ya sanduku kijidude cha plastiki cha kuziba tundu, usikitupe. Siku moja utakitafuta.

Je, wajua santuri moja ina mifuo mingapi? Waulize watoto, watakutajia mamia. Jibu ni miwili: mmoja kila upande, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Mfuo wa singo ya dakika tatu na nusu ukinyooshwa unafika kama mita 70.

Je, wajua kwa nini nyimbo za pop ni fupi? Sahani ya inchi kumi ya mizunguko 78 hubeba takriban dakika tatu kila upande, na singo ya vinaili ikarithi kipimo hicho. Mwimbaji wa taarab aliyezoea ukumbi, ambako ubeti hurudiwa kadiri watu wanavyoinuka kutunza, aliingia studio akaambiwa dakika tatu. Nyimbo zikafupishwa, au zikakatwa katikati ili zimaliziwe upande wa pili. Kwa watu wa kisiwa cha washairi Kamange na Sarahani, waliokuwa wakijibizana kwa mashairi marefu, dakika tatu ni salamu tu.

Waliokuja kupata dawa ya tatizo hilo ni wanamuziki wa dansi wa Afrika Mashariki. Singo zao nyingi za miaka ya sabini ni wimbo mmoja kwa pande zote mbili: upande wa kwanza hubeba kisa na maneno, wa pili huachiwa magitaa na wachezaji. Mwenye nyumba alikuwa na sekunde chache za kuigeuza sahani kabla wageni hawajakaa. Hilo lina maana kwa mnunuzi. Ukiuziwa singo ya namna hiyo iliyokwaruzwa upande mmoja, umeuziwa nusu ya wimbo.

Je, wajua kwamba bendi za Tanzania zilitegemea viwanda vya Kenya? Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo nyingi mno, lakini kwa ajili ya kurushwa hewani, na zilibaki kwenye kanda za redio. Aliyetaka sahani ya dukani alielekea Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro ni mfano mkubwa; wimbo wake "Shida" ulizunguka kanda nzima. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikwenda mbali zaidi: wakahamia Kenya na kujenga Simba Wanyika, na humo wakachipuka Les Wanyika wa "Sina Makosa".

Kisha siasa ikaingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa. Ukishika singo ya Kitanzania iliyofyatuliwa Nairobi katika miaka hiyo, ujue kwamba sahani hiyo, ili irudi kwao, ilibidi ijue njia ya mkato.

Mombasa nako kulikuwa na biashara yake. Duka la Assanand and Sons lilikuwa na lebo iliyoitwa Mzuri, na mji huo ulikuwa umejaa waimbaji: Zein l'Abdin na udi wake, Matano Juma na Morning Star, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh. Juma Bhalo alipendwa kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Kutoka Tanga zikaja Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila. Kwangu mimi hizi ndizo singo za pop za Pemba hasa, hata kama wenye maduka ya Ulaya huzitia kwenye rafu ya muziki wa kiasili. Zilikuwa fupi, zilikuwa mpya, ziliimba mapenzi na vijembe, na vijana walizikariri. Pop ni nini kingine?

Je, wajua kwamba mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam? Wakubwa waliona unaharibu vijana. Singo za Kimarekani za wakati huo zikipatikana leo zina alama nyingi za sindano, dalili kwamba marufuku na mapenzi ya watu ni vitu viwili.

Je, wajua kwamba "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William kwa kampuni ya Equator ya Nairobi, umegombaniwa utunzi wake kwa miongo? Adam Salim ni miongoni mwa waliotajwa kuwa mtunzi halisi. Miriam Makeba aliueneza duniani, na Boney M. wakautoa mwaka 1981. Miaka miwili baadaye Boney M. hao hao wakachukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kundi la pwani ya Kenya. Mkusanyaji anaweza kujaza kisanduku kizima kwa nyimbo hizo mbili tu.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa santuri Pemba si mchanga wala watoto? Ni unyevu. Kisiwa hiki hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na kuvu hupenda jalada la karatasi kabla ya kuhamia kwenye mfuo. Vinaili yenyewe hailiwi. Kinacholiwa ni uchafu ulioigandia. Mende nao hufuata gundi na karatasi, ndiyo maana lebo nyingi zimeng'atwa pembeni. Jua halifai kuwa tiba. Karafuu huanikwa juu ya jamvi kando ya barabara na kutoka salama. Vinaili huanza kulegea na kupinda joto likikaribia nyuzi 60.

Osha singo kwa maji vuguvugu yenye tone la sabuni laini, bila kulowesha lebo, uifute kufuata mzunguko kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, kwa sababu chumvi hubaki kwenye mfuo. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, zisilaliane. Spiriti weka mbali na zile nzito: shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na utabaki na uji mweusi mkononi.

Na mafuta ya karafuu? Nayaweka kando kwa sababu kisiwani ndiyo dawa ya kila kitu. Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, huyatengeneza kutoka kwenye vikonyo vya karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli, na eugenoli hushambulia plastiki aina ya polistareni. Singo nyingi za Kimarekani zilifyatuliwa kwa polistareni badala ya vinaili. Jino litapona, wimbo hautapona.

Je, wajua maandishi muhimu zaidi kwenye santuri mara nyingi hayako kwenye lebo? Tazama ile sehemu laini baina ya mwisho wa wimbo na lebo, uielekeze kwenye mwanga wa pembeni. Utaona herufi na tarakimu zilizochorwa. Hizo hutambulisha bamba lililotumika kufyatulia, na ndizo hutenganisha toleo la kwanza na la kurudia. Lebo huweza kubandikwa kimakosa, huweza kuliwa na mende. Namba ile hukaa. Wapemba hujuana kwa vilemba, watu wa santuri hujuana kwa namba.

Je, wajua zilikokwenda santuri nyingi za pwani? Kanda za kaseti zilipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini, sahani zilianza kuonekana mzigo. Kaseti ilirekodiwa nyumbani, ikanakiliwa, ikatiwa mfukoni. Baadaye wakaja wanunuzi, wa humu na wa kutoka Ulaya, wakaondoka na mafurushi. Sina ugomvi na anayenunua. Ninaloliona kosa ni kubeba furushi bila kuandika hata mstari mmoja: lilitoka mji gani, nani alizinunua, zilipigwa kwenye shughuli zipi. Singo ya Mzuri iliyoko London bila habari hizo imebaki na sauti tu.

Wapo waliofanya kazi hiyo vizuri. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2005, umekusanya taarab na dansi vikiwa na maelezo ya maana. Nairobi nako, duka la Melodica katika mtaa wa Tom Mboya limeuza muziki tangu miaka ya sabini, na katika Soko la Kenyatta kuna kibanda, Real Vinyl Guru, kinachojulikana na wakusanyaji wa mbali. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za ukoo wake, nayo ikafyatuliwa pia kwa vinaili.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri za vinaili nyingi kuliko CD, milioni 41 kwa 33? Haikuwahi kutokea tangu 1987. Bei za sahani kuukuu nazo zimepanda, na habari hizo zimeshafika mpaka kwa wauza mitumba. Usitegemee tena kuokota.

Je, wajua kwamba singo mbili zinazowindwa sana duniani zina sauti ya mtoto wa Mji Mkongwe? Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya mwaka 1975, inachukua dakika tano na sekunde 55, karibu mara mbili ya kipimo cha singo, na bado iliingia upande mmoja. Mwaka 1978 kampuni ya EMI ilifyatua nakala 200 za rangi ya buluu kusherehekea tuzo ya mauzo ya nje. Nyingine ni ya mwaka 1973, "I Can Hear Music", namba EMI 2030. Ilitoka kabla ya singo ya kwanza ya Queen, na kwenye lebo hakuna Freddie wala Queen, bali jina la kubuni: Larry Lurex. Bandia zake zipo, kwa hiyo soma kwanza ile namba iliyochorwa. Ikiwa ni yenyewe, imelala gunia moja na Mbaraka Mwinshehe kule Chake, lipa bei uliyotajiwa na usikunje uso.